Umetamka Kichina, laoban kakutolea macho: tafuta kosa liko wapi

Karibu kila wiki naletewa voice note na watu wanaojiandaa kwenda Guangzhou au Yiwu, miji ya biashara China, kufuata mzigo, wengine ni wanafunzi wameanza mwaka wa lugha kule, na kilio ni kimoja, nimekariri maneno mia tatu ila nikifungua mdomo hakuna anayenielewa. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta inayokukuta wewe, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayokamata wengi, ukiona sio hiyo shuka ya pili.

Kabla ya yote fanya kipimo hiki, ni bure. Weka kiboodi ya Kichina kwenye simu, bonyeza alama ya maiki, sema neno lako afu angalia herufi gani zimetokea. Zikitokea za neno lingine basi simu imesikia kile kile alichosikia laoban, yaani mwenye duka. Sema mara tatu, mbili zikikubali umepita. Usipime kwa sentensi ndefu, simu ni janja, inabashiri kutokana na maneno ya jirani na itakusamehe makosa ambayo muuza viatu hatakusamehe.

Dalili ya 1: Neno ni lenyewe kabisa, lakini anaelewa kitu kingine

Fungua daftari lako kwanza. Kama umeandika "nihau", "shieshie", "maibumai" bila vialama juu ya herufi, usihangaike kutafuta zaidi, hujawahi kujifunza toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, umejifunza nusu ya neno.

Wiki yangu ya kwanza Guangzhou niliingia soko la viatu nimeshika sampo mkononi, nikamuuliza mama mmoja kama wanauza viatu vya aina ile. Kuuza ni mài, sauti inaanguka ghafla. Mimi nikasema mǎi, sauti ya chini, ambayo ni kununua. Yaani nimemuuliza mnanunua? Akakipokea kiatu, akakunja soli, akanusa gundi, akachukua kalkuleta akaniandikia bei ambayo yeye yuko tayari kukinunua kwangu, tukabishana dakika nzima kila mtu anadhani yeye ndo mteja. Hata herufi zake ni ndugu, 买 ni kununua na 卖 ni kuuza, ni ile ile ila imevalishwa kijimsalaba kichwani.

Sababu kwa mpangilio:

Ya kwanza, husemi toni kabisa, unasema yote kwa sauti moja. Toni ya 1 iko juu na imenyooka, kama daktari kakwambia sema aaa. Ya 2 inapanda, kama umeambiwa bei ya nyanya ukashtuka "eeh?". Ya 3 iko chini kabisa kwenye koo, ile "mmh" ya mtu ambaye hajakuamini. Ya 4 inaanguka, "toka!". Wengi hukosea ya 3, kwa sababu vitabu vinaichora inashuka kisha inapanda, mtu anaiimba weee mpaka inageuka ya 2. Kwenye maongezi ya kawaida ibaki chini tu, usiipandishe. Kwenye kubagaini hii inauma, tài guì le ni "ghali mno", ukiteremsha guì ikawa guǐ umetaja mzimu. Na wǒ yào ni nataka, wǒ yǎo ni nang'ata.

Ya pili, mkazo wa Kiswahili. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kiTAnda, haBAri, mdomo unafanya wenyewe bila kuuliza, kwaiyo Běijīng inatoka BEIjing, ya kwanza imepanda na ya mwisho imezama wakati inatakiwa kinyume chake kabisa. Dawa ni kusema silabi moja moja kama unahesabu noti, afu ndo uziunge.

Ya tatu, unauliza swali kwa kupandisha sauti mwishoni. Kiswahili ndo tunavyouliza, "unauza?" Kichina ukifanya hivo umebadilisha neno la mwisho, mài ikipandishwa inakuwa mái, kuzika. Wao wanaweka ma, neno la kuulizia, mwishoni au wanarudia neno lenyewe, mài bu mài, basi, sauti iache ilivyo.

Ya nne, na hii huwapata waliosoma kidogo, toni zenyewe zinahama. Za 3 mbili zikifuatana ya mbele inakuwa ya 2, kwaiyo nǐ hǎo inatamkwa ní hǎo hata kama imeandikwa vingine. Bù, yaani si, ikifuatwa na ya 4 inapanda, bú duì, bú shì. Na yī, moja, ndo kigeugeu kabisa, yí gè, yì qiān, hiyo utaizoea kwa kusikia.

Ukishapita hapo, acha kufanyia mazoezi silabi moja moja. Ile ya mama, katani, farasi na kugombeza kila mwalimu anaanza nayo ila hakuna anayeongea hivo. Fanya jozi. Toni nne mbele, nyuma zile nne pamoja na ile isiyo na toni, zinapatikana jozi 20. Tafuta neno moja moja la kila jozi, rekodi mzungumzaji wa kwao na wewe mwenyewe, sikiliza zikifuatana. Utajichukia siku tatu za kwanza.

Dalili ya 2: Nimesoma kama ilivyoandikwa, hawaelewi hata herufi moja

Hapa tatizo sio Kiswahili, ni Kiingereza. Tumesoma shule kwa Kiingereza, tukiona herufi za kirumi macho yanakimbilia huko. Pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za kirumi, haikutengenezwa kwa ajili ya Mwingereza, ilipitishwa na Bunge la China tarehe 11 Februari 1958 ili Wachina wenyewe wajifunze kusoma, na kamati iliyokuwa na kina Zhou Youguang (mzee huyu alifariki 2017 akiwa na miaka 111) ilipata herufi ambazo hazina kazi kwenye Kichina ikazigawia kazi nyingine. Q haina uhusiano wowote na queen.

Habari njema, mdomo wa Mswahili unazo sauti nyingi ambazo Mwingereza anazitolea jasho, tunaziweka tu kwenye herufi isiyo yake.

Anza na q, x na j. Sema "chini" ukiwa umetabasamu na utoe pumzi, ile chi ndo qī, saba. Sema "shida" ukitabasamu hivo hivo, ulimi uguse meno ya chini, hapo umekaribia sana xi. J ni ya "jini", usiifanye laini kama Waingereza wanavyosema Beijing kwa sauti ya kifaransa, hiyo hata wao wanakosea.

Sasa ndo mtego. Kwa kuwa "chi" na "shi" zetu zimechukuliwa na q na x, zile zilizoandikwa chi, shi, zhi, ri kwenye pinyin ni sauti NYINGINE. Ulimi unarudi nyuma, ncha inakaribia paa la mdomo, na ile i mwishoni sio i ya "siku", ni mvumo tu, unabana ulimi pale pale unaacha sauti iungurume. Si, ci, zi pia i yao sio i, huo ni mvumo wa nyuki mbele ya meno. Mtu akisema "shi" kama ya "shida" kumaanisha shí, kumi, Mchina anasikia xi na anasubiri sentensi iendelee.

C ni ts, sio k wala s. Cài, mboga au chakula cha kwenye sahani, ni "tsai". Z ni dz.

E peke yake, kama kwenye hē, kunywa, sio e ya "embe". Tengeneza mdomo wa o, afu bila kusogeza ulimi nyoosha midomo. Itasikika kama mtu kachoka. Ndo yenyewe.

Ü, ile ya nǚ, mwanamke, sema i ndefu halafu midomo ifanye kama unapiga mluzi, ulimi usihame. Na angalia, baada ya j, q, x na y wanaandika u bila nukta ila ni ü hiyo hiyo, kwaiyo qù, kwenda, na yú, samaki, zote ni za mluzi. Hili linawapita hata watu wa mwaka wa pili.

Zilizobaki haraka haraka: ian inasomwa "yen", kwaiyo qián, hela, ni "chyen". Ui ni "wei", iu ni "you", liù, sita, ni "lyou".

Dalili ya 3: Nasema tumbo linauma, wao wanaongelea sungura

Tumbo ni dùzi. Sungura ni tùzi. Toni ni moja, huwezi kujitetea na toni. Vivyo hivyo wǒ bǎo le ni nimeshiba na wǒ pǎo le ni nimekimbia.

Sababu ni kwamba unatofautisha b na p kwa mtetemo wa koo, wakati Wachina wanatofautisha kwa pumzi. B yao haitetemi, ni p kavu. P yao ni p yenye upepo.

Hapa ndo napenda kuwarudisha watu Mombasa na Lamu. Kwa Mswahili wa pwani paa la nyumba na paa mnyama sio neno moja, la nyumba ni kavu, la mnyama lina pumzi. Kaa la moto na kaa wa baharini hivo hivo. Tembo la mnazi ni kavu, tembo mwenye mkonga ana pumzi. Kama una bibi wa huko, mwambie aseme, weka kiganja mbele ya mdomo wake, utausikia upepo kwa mnyama na hutausikia kwa nyumba. Basi p ya nyumba ndo b ya pinyin, p ya mnyama ndo p ya pinyin. D na t, g na k, mchezo ni ule ule. Sisi wa bara na vijana wa mjini tumeipoteza hiyo tofauti, ndo maana tunaanza moja.

Kipimo: shika kipande cha tishu mbele ya midomo. Kwa bǎo kisitikisike, kwa pǎo kiruke. Kama kinaruka kote, legeza b. Kama hakiruki kote, puliza p mpaka uone umezidisha, afu punguza.

Dalili ya 4: Meli imegeuka kitanda

Chuán ni meli, chuáng ni kitanda, na mtu kamwambia ajenti mzigo wangu uje kwa kitanda. Sababu ya kawaida ni kufunga na n kote. Ng ya Kichina ni ng' ya "ng'ombe", imewekwa mwisho, bila g kufuata. Sababu ya pili ni kuongeza irabu mwishoni kwa mazoea, fàn inakuwa "fani". Ishia kwenye n, usiongeze kitu.

Dalili ya 5: Tumeelewana vizuri ila bei imekuja tofauti

Hii ndo inayokula hela za watu, soma taratibu.

Sì ni 4, shí ni 10. Kusini wengi hawarudishi ulimi kwenye sh, wanasema s kote, kwaiyo kinachotofautisha ni toni tu, ya 4 inaanguka na 10 inapanda. Usibishane, omba vidole. Kumi ni vidole viwili vya shahada vimepishana kama msalaba, au ngumi. Na sita ni dole gumba na kidole cha mwisho, nane ni gumba na shahada kama bastola, usifikiri anakutishia.

Yì bǎi wǔ sio 105, ni 150. Wanakata neno la mwisho, "mia na tano" maana yake tano za makumi. 105 wanatia sifuri katikati, yì bǎi líng wǔ. Kwa hiyo hiyo yí wàn wǔ ni 15,000, nimeona mtu kaandika 10,005 kwenye daftari la oda na akajiona kapata bei ya ajabu.

Wàn yenyewe ni elfu kumi. Sisi tunahesabu kwa elfu na laki, wao wanakata tarakimu nne nne kutoka kulia. 350,000 kata nne, inabaki 35, kwaiyo sānshíwǔ wàn. Laki moja ni shí wàn. Milioni ni yì bǎi wàn. Ukiona unatafsiri kichwani na kichwa kinapata moto, andika namba.

Dǎ bā zhé. Unasikia nane, unasikia punguzo, unafikiri wamekutolea asilimia 80. Hapana, unalipa asilimia 80. Punguzo ni 20.

Jīn ni nusu kilo. Bei ya matunda, ya chai, ya vitu vingi vya kupima inatajwa kwa jīn, ukitaka kilo kamili ni gōngjīn.

Na kwenye namba za simu na za vyumba 1 inatamkwa yāo ili isichanganyike na qī, kwaiyo usianze kutafuta yāo kwenye kamusi.

Dalili ya 6: Nimetamka sawa, maana ndo imenipita

Chàbuduō. Kamusi inasema "karibu sawa". Ukimuuliza saplaya rangi ya mzigo ni kama ya sampo akakujibu chàbuduō, mimi nasikia haifanani. Sisemi ni mwongo, neno lenyewe lina nafasi pana, kwake tofauti ndogo imo ndani yake. Omba picha kwenye mwanga wa jua, sampo na mzigo vikiwa pembeni pembeni, au omba wakukatie kipande wakutumie.

Utasikia watu wanarudia nèige, nèige, nèige katikati ya maongezi. Ndugu zetu walioko Marekani hushtuka kwa sababu inafanana na tusi la kibaguzi la kule. Ni "ile", mtu anatafuta neno, sawasawa na nanihii yetu. Ikisemwa katikati ya sentensi na macho yake yakiwa hewani, hutajwi wewe.

Chī le ma, umekula? Haulizi njaa yako, ni salamu, jibu chī le. Màn zǒu, tembea polepole, sio kwamba anakuona unakimbia, ni nenda salama.

Kuna clip zinazunguka eti Wachina wanaita Afrika "bara la hapana" kwa sababu Fēizhōu ina herufi 非 ambayo peke yake ni "si". Imetokana na Āfēilìjiā, wanaigiza sauti ya Afrika, wakakata. Majina ya nchi hayafasiriwi herufi kwa herufi, ukijaribu Tǎnsāngníyà au Kěnníyà utapata vichekesho tu.

Na herufi moja yaweza kuwa na matamshi mawili. 行 ni xíng ukikubali jambo na ni háng kwenye yínháng, benki. 便 ni pián kwenye piányi, rahisi, na biàn kwenye fāngbiàn, yenye wepesi. Jifunze neno zima.

Dalili ya 7: Darasani nilifaulu, Guangzhou siambulii kitu

Huenda sio kosa lako. Wenyeji wanaongea Kikantoni wao kwa wao, hiyo ni lugha nyingine na toni zake ni sita. Yiwu nao wana yao. Sema nǐ shuō Pǔtōnghuà, ongea Kimandarini, kwa upole. Kama mwalimu wako alikuwa wa Beijing na kila neno kalikunjia r mwishoni, yìdiǎnr, nǎr, kusini utasikia yìdiǎn na nǎli.

Hapa acha, tafuta mtu

Ukirudia neno mara tatu hajaelewa, usiongeze sauti. Andika kwenye simu muoneshe. Kama umefanya zoezi la pumzi au la toni mwezi mzima na simu bado inakataa, tafuta mwalimu mwenye sikio hata masaa machache, kosa likiganda mdomoni kulitoa ni kazi kuliko kujifunza upya.

Hospitali usijaribu bahati. Kama una mzio wa dawa, yaani guòmǐn, iwe imeandikwa kwa herufi za Kichina na jina la dawa ndani ya simu na kwenye karatasi ndani ya pochi, mfano 青霉素过敏 kwa mwenye mzio wa penisilini, na uombe mkalimani. Polisi na mambo ya viza hivo hivo.

Na mkataba. Arbuni inaitwa dìngjīn. Kuna 定金 na kuna 订金, zote dìngjīn, toni zile zile, hata mwenye sikio la dhahabu hawezi kuzitofautisha. 定金 inalindwa na sheria, ukivunja wewe umeipoteza, akivunja yeye anakurudishia mara mbili, na haitakiwi kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. 订金 ni advansi tu, haina hiyo kinga, mkishindwana kawaida mnarudishiana. Kwaiyo saplaya akikwambia tuma dìngjīn, usitume kwanza. Mwambie aandike, piga picha, mpelekee mwanasheria au mkalimani anayelipwa kwa kazi hiyo, halafu ndo ufungue apu ya benki.